Maoni: Kabla ya kuchagua huduma ya kuhifadhi linki, tafuta kwanza mlango wa kutokea

Katika miji ya mashariki ya Kongo, linki ina maisha mafupi. Asubuhi inatumwa katika kundi la WhatsApp: ripoti ya Umoja wa Mataifa, tangazo la serikali ya jimbo, makala ya gazeti la Kinshasa, video ya kijiji kilichochomwa. Kufika saa sita mchana imekwisha kufunikwa na salamu, picha na sauti za wanakundi wengine. Miezi mitatu baadaye, mwandishi wa habari anayetaka kuhakikisha tarehe moja tu anapandisha mazungumzo kwa kidole, dakika zinapita, na linki haionekani. Na kama simu imeibiwa, au imebaki nyumbani siku ya kukimbia vita, hana hata mahali pa kuanzia kutafuta.

Dawa ya ugonjwa huo ipo tangu zamani. Ni huduma za mtandaoni za kuhifadhi linki na kugawana na wengine. Lakini historia ya huduma hizo, ya zaidi ya miaka 20, inaonyesha kwamba watu wengi wamezichagua kwa kipimo kibaya. Wametazama uzuri wa ukurasa, wingi wa watu waliomo na jina kubwa la kampuni. Swali lililopaswa kuja mbele ni hili: siku huduma hii itafungwa, au siku mtu hataweza tena kuifikia, atatoka na vitu vyake namna gani? Kwa Mkongomani swali hilo ni zito kuliko kwa mkaaji wa Paris, kwa sababu hapa vyote viwili vinaweza kutokea katika wiki moja.

Kazi ya huduma hizi

Kila kivinjari cha intaneti, kiwe Chrome au Firefox, kina sehemu ya kuweka alamisho, zile ambazo wengi nchini huziita favori. Zinasaidia, lakini mara nyingi hubaki ndani ya kifaa kimoja. Huduma ya mtandaoni huziweka kwenye seva, ili mwenye nazo azikute kwenye simu, kwenye kompyuta ya kazi au kwenye siberkafe. Kila linki hupewa maneno machache ya kuitambulisha: «uchaguzi», «Rutshuru», «bei ya unga», «2018». Siku ya kuitafuta, neno moja linatosha.

Upande wa pili ni ule wa kugawana. Mtu anaweza kuacha orodha yake wazi, wengine wakaiona na kuongeza zao. Wanafunzi watano wanaofanya TFC juu ya mambo yanayokaribiana wanaweza kujenga pamoja maktaba ndogo ambayo hakuna hata mmoja wao angeijenga peke yake. Redaksheni ya redio ya mtaa inaweza kuwa na orodha moja ambayo mwandishi mpya anaikuta siku ya kwanza ya kazi, badala ya kuanza kuuliza kila mtu.

Wazo hilo lilipata umaarufu mwaka 2003, Mmarekani Joshua Schachter alipoanzisha Delicious. Ilikuwa rahisi, ya bure, na watu waliipenda. Mwezi wa kumi na mbili 2005 Yahoo iliinunua. Wengi waliona hilo ni jambo la kuwatuliza: kampuni kubwa imeingia, basi linki ziko salama.

Makaburi ya huduma

Miaka mitano tu baadaye, mwezi wa kumi na mbili 2010, karatasi ya ndani ya Yahoo ilivuja ikionyesha Delicious kati ya huduma zilizopangwa kuondolewa. Mwaka 2011 iliuzwa kwa kampuni ya AVOS, ya Chad Hurley na Steve Chen, wawili kati ya waanzilishi wa YouTube. Hapo ndipo ilitokea jambo ambalo kila msomaji wa Kongo angepaswa kulikumbuka. Ili linki zao zihamie kwa mwenye mali mpya, watumiaji walitakiwa kuingia kwenye akaunti na kutoa ruhusa kabla ya mwezi wa tisa kwisha. Mtu ambaye miezi hiyo hakuingia mtandaoni, au hakusoma barua pepe aliyotumiwa, alipoteza kila kitu. Hakufanya kosa lolote. Alikosa tu kuwepo.

Delicious iliendelea kubadilisha mikono hadi mwaka 2017, ilipouzwa kwa dola 35,000 tu. Aliyeinunua ni Maciej Cegłowski, mwenye Pinboard, huduma ndogo ambayo yeye mwenyewe aliianzisha mwaka 2009 ili kushindana nayo. Aliiacha wazi kwa kusoma tu, hakuna tena kuongeza linki mpya.

Mifano mingine ni mingi. Tarehe 30 mwezi wa kwanza 2009, Ma.gnolia, iliyokuwa mshindani wa Delicious, iliharibikiwa na hazina yake ya data, na nakala ya akiba nayo haikufaa kitu. Watu waliamka asubuhi wakakuta kazi ya miaka imetoweka. StumbleUpon, iliyoanza mwaka 2001, ilifungwa mwezi wa sita 2018. Google ilifunga huduma yake ya alamisho mwezi wa tisa 2021. Omnivore, iliyokuwa ya bure na yenye programu huria, ilitangaza mwisho wake mwaka 2024 na kuwapa watu wiki chache tu za kuhama.

Kisha ikaja zamu ya Pocket. Ilianzishwa mwaka 2007 kwa jina la Read It Later, na mwaka 2017 ilinunuliwa na Mozilla, wale wale wa Firefox, wanaojulikana kwa kutetea haki za watumiaji wa intaneti. Mwezi wa tano 2025 walitangaza kwamba inafungwa, na tarehe 8 mwezi wa saba ilifungwa. Watu walipewa miezi michache ya kuchukua orodha zao.

Orodha hii ina kampuni tajiri na kampuni maskini, wenye kutafuta faida na wenye nia njema, huduma zilizofichwa na zilizo huria. Haitoshi basi kusema «hii ni ya Google» au «hii ni ya watu wazuri». Huduma ya kuhifadhi linki inapaswa kutazamwa kama nyumba ya kupanga. Siku moja mwenye nyumba ataitaka nyumba yake.

Mlango wa kutokea

Kipimo cha kwanza ni hicho: uwezo wa kutoa orodha yote katika faili moja. Huduma nyingi nzuri zina kitufe cha kazi hiyo, na faili inayotoka ni ya HTML, ya aina ambayo ilianza na kivinjari cha Netscape miaka ya 1990 na ambayo vivinjari vya leo bado vinaisoma. Faili hiyo ni nyepesi. Linki elfu moja mara nyingi hazizidi uzito wa picha moja ya simu. Inaweza kuwekwa kwenye flashi, kutumwa kwa barua pepe, kupewa rafiki aliye Kampala au Bujumbura aitunze.

Faida ya faili hiyo ni kubwa zaidi pale ambapo intaneti yenyewe haiaminiki. Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, siku moja baada ya uchaguzi wa rais, intaneti ilikatwa nchini, na ilirudishwa tarehe 19 mwezi wa kwanza 2019. Kwa siku hizo zote, mtu aliyeweka kila kitu kwenye seva ya mbali hakuwa na kitu. Aliyekuwa na faili yake alijua angalau ni nini anacho na wapi alikipata.

Nani analipa

Kipimo cha pili kinahusu pesa. Mwaka 2011 Cegłowski aliandika makala akiwaonya watu juu ya huduma za bure: kadiri zinavyopata watu wengi ndivyo zinavyopoteza pesa, na mwisho wake ni kununuliwa au kufungwa. Pinboard tangu mwanzo ililipisha. Hoja yake ina nguvu, na makaburi yaliyotajwa hapo juu yanampa haki.

Lakini ushauri huo umeandikwa kwa watu wenye kadi ya benki. Wakongomani wengi wanalipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na huduma nyingi za kigeni hazizipokei. Mjini Goma hali ni mbaya zaidi: tangu mji ulipochukuliwa na M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, benki zilifunga milango. Kumwambia mwanafunzi wa huko «lipa kwa mwaka» ni kama kumwonyesha chakula nyuma ya kioo.

Njia iliyobaki ni ile ambayo wakaaji wa nchi hii wanaijua vizuri kuliko wengine: kuunganisha nguvu. Likelemba imejenga nyumba na kulipa masomo ya watoto. Ada ya mwaka ya huduma ya kuhifadhi linki, ikigawanywa kwa watu kumi wa chama au redaksheni moja, ni bei ya mega za siku chache kwa kila mmoja. Anahitajika tu ndugu mmoja mwenye kadi, awe Kinshasa, Nairobi au Brussels.

Nani anaona

Kipimo cha tatu ndicho chenye hatari. Huduma hizi zilizaliwa ili kugawana. Kwenye Delicious ya mwanzo, kila linki ilionekana na kila mtu. Kwa mpishi anayekusanya mapishi hilo halina shida. Kwa mtu anayechunguza biashara ya koltani ya Rubaya, au anayekusanya habari za wanawake waliobakwa, orodha ya linki inamwambia adui mambo mengi: anafuata nini, tangu lini, na pengine anamsikiliza nani. Hakuna haja ya kusoma hata sentensi moja aliyoiandika.

Kwa hiyo kabla ya kuweka linki ya kwanza, mtumiaji anapaswa kuingia kwenye mipangilio na kuhakikisha kwamba kila kitu kinaanza kikiwa cha siri, kisha afungue kimoja kimoja anachotaka wengine wakione. Na programu isibaki wazi kwenye simu inayopita kwenye bariyeri. Simu ikichukuliwa kwa nguvu, neno la siri la seva ya Ulaya halimsaidii mwenye nayo ikiwa programu inafunguka kwa kidole kimoja. Sheria ya numeriki ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inazungumzia ulinzi wa data za watu binafsi, lakini seva za huduma hizi ziko nje ya nchi, na mwenye silaha njiani hamwombi mtu sheria. Kazi nyeti haina sababu ya kuwekwa kwenye huduma ya kijamii hata kidogo.

Linki bila ukurasa

Kipimo cha nne husahauliwa na wengi: linki ni anwani tu. Nyumba ikibomolewa, anwani inabaki bila kitu. Mwaka 2024, taasisi ya Marekani ya Pew Research Center ilionyesha kwamba asilimia 38 ya kurasa za intaneti zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Tovuti ndogo za redio za mtaa na za vyama vya raia hufa hata mapema zaidi, maana inatosha mwenye tovuti akose pesa za kulipia jina lake kwa mwaka mmoja.

Ripoti kubwa, kama ile ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 juu ya uhalifu uliofanyika Kongo kati ya 1993 na 2003, ina watu wengi wa kuitunza. Habari ya kurasa mbili juu ya kijiji kimoja haina mtu. Mara nyingi ni hiyo ndiyo mwanasheria au mtoto wa marehemu ataihitaji siku moja.

Dawa yake ni ya bure. Internet Archive, shirika lililoanzishwa na Brewster Kahle huko San Francisco mwaka 1996, lina Wayback Machine, ambayo mtu yeyote anaweza kuipa anwani ya ukurasa na kuiomba ihifadhi nakala, bila kufungua akaunti. Linki muhimu inapaswa kwenda huko siku ile ile inapohifadhiwa. Huduma nyingine, kama wallabag ya Wafaransa, huhifadhi maandishi ya makala yenyewe, na programu yake ya simu huruhusu kuyasoma bila mtandao. Kwa anayenunua mega kwa kuhesabu, hiyo ni faida mara mbili: anapakua siku ana mega, anasoma siku hana.

WhatsApp haitoshi?

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni ya watu wenye kompyuta na muda mwingi, na kwamba WhatsApp inatosha. Hoja yao si ya kudharauliwa. Kila mtu anayo, inatumia mega kidogo, na inaonyesha orodha ya linki zilizopita katika kila kundi. Kwa mambo ya leo na kesho inatosha kabisa.

Lakini orodha hiyo haina maneno ya kutambulisha, haichagui chenye maana na kisicho na maana, na imefungwa kwenye simu na kundi. Mkubwa wa kundi akikasirika na kufuta, au mtu akibadilisha namba baada ya wizi, hakuna anayemdai WhatsApp chochote. Kutuma linki kwenye kundi ni kama kuitangaza sokoni. Kuihifadhi ni kazi nyingine, na inahitaji mahali pake.

Chaguo kwa kila mtu

Kwa mwanafunzi au mwandishi aliye peke yake na asiye na kadi, Raindrop.io inafaa kwa kuanzia: mpango wake wa bure hauwekei linki kikomo, makusanyo yanaweza kugawanywa na wenzake, na faili ya kutokea inapatikana bila malipo. Kwa redaksheni au chama chenye kijana anayejua kuweka tovuti, Shaarli, iliyoandikwa na Mfaransa Sébastien Sauvage, inaweza kukaa kwenye tovuti ya chama chenyewe, na kila linki inaweza kuwa ya wazi au ya siri. Programu hiyo ni ya bure. Gharama ni ya kuhifadhi tovuti tu. Mwenye nyumba hapo ni chama, lakini chama nacho kinaweza kukosa pesa, kwa hiyo faili inahitajika vilevile.

Maana hakuna hata moja kati ya hizo inayostahili kuaminiwa kwa macho yaliyofungwa. Raindrop.io inaweza kufungwa kama Pocket. Seva ya chama inaweza kuharibika kama ya Ma.gnolia. Kitakachomwokoa mtu ni desturi ya kutoa faili mara moja kwa mwezi, kwa mfano siku ile ile anayonunua mega za mwezi, na kuiweka mahali pawili: kwenye flashi na kwa mtu anayemwamini aliye mji mwingine.

Vyuo vikuu vya Lubumbashi, Kisangani, Goma na Bukavu vinaweza kufundisha jambo hili kwa saa moja tu. Kila mwaka wanafunzi wanaleta TFC zenye orodha ndefu za anwani za intaneti, na mwalimu akizijaribu nyingine hazifunguki. Angewataka walete pia faili ya linki zao na nakala za Wayback Machine, baada ya miaka michache chuo kingekuwa na hazina ambayo leo haipo popote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Habari za nchi hii ni mali, na sehemu kubwa yake inapita kila siku kwenye simu za watu bila kuandikwa popote. Kwa anayetaka kuanza leo, kipimo ni rahisi. Afungue akaunti, na kabla ya kuweka linki hata moja atafute kitufe cha kutoa orodha yote. Akikikuta, akibonyeze aone faili ikishuka kwenye simu yake. Asipokikuta ndani ya dakika tano, afute akaunti na kutafuta huduma nyingine.